Shajara ya mradi: kunasa LAM ya kifua kikuu kutoka kwenye mkojo

Januari

Mradi huu unahusu kihisio cha kibayolojia chenye uso uliopakwa kingamwili (protini zinazoshika molekuli maalumu), na kazi yake ni kunasa kiashiria kimoja tu cha ugonjwa: lipoarabinomanani, kwa kifupi LAM, kijenzi cha ukuta wa bakteria wa kifua kikuu kilichoundwa kwa sukari na mafuta. Bakteria wanapokua na kufa mwilini, LAM huingia kwenye damu, na sehemu yake hupita kwenye figo na kutoka na mkojo. Tumeichagua kwa sababu mgonjwa aliyedhoofishwa na VVU, au mtoto mdogo, mara nyingi hawezi kutoa makohozi, lakini mkojo hupatikana. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu mwaka 2023 na milioni 1.25 walifariki. Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zote zimo katika orodha ya shirika hilo ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huu kwa kipindi cha 2021 hadi 2025. Kwa hiyo tunaposema kiashiria hiki ni adimu kwenye sampuli, tunajua ni sampuli za akina nani.

Kipimo cha LAM kwa ukanda wa karatasi tayari kipo. Shirika la Afya Duniani lilikipendekeza mwaka 2015 kwa watu wenye VVU walio katika hali mbaya, na mwaka 2019 likapanua matumizi yake. Ukanda uliotumika zaidi hudondoshewa mikrolita 60 za mkojo na kusomwa baada ya dakika 25. Mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao unaojumlisha matokeo ya tafiti nyingi za afya, yalionyesha kwamba, miongoni mwa watu wazima wenye VVU na dalili za kifua kikuu, ukanda huo hubaini takriban asilimia 42 ya wagonjwa. Kipimo kilichofuata, ambacho kilitumia kingamwili bora na kukuza alama (ishara inayosomwa) kwa madini ya fedha, kilifika karibu asilimia 70 katika ulinganisho uliotumia sampuli za Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka huohuo. Maana yake ni kwamba LAM ilikuwamo kwenye mkojo wa wagonjwa wengi ambao ukanda wa kwanza uliwapa jibu la hapana.

Jambo lililonisukuma kuandika pendekezo la mradi ni dogo sana. Mgonjwa huleta kikombe chenye mililita 30 za mkojo au zaidi, na ukanda hutumia mikrolita 60, yaani sehemu moja kati ya 500. Nyingine zote humwagwa. Tuchukue mkojo wenye LAM pikogramu 20 kwa mililita, na uzito wa molekuli wa takriban 17,000: ukolezi huo ni kama pikomola 1.2 kwa lita, sawa na molekuli milioni 700 katika kila mililita. Mikrolita 60 zina molekuli milioni 42 hivi, ilhali mililita 3 zina bilioni 2.1. Katika ugonjwa ambao sampuli yake ni tone la damu, mbunifu hulazimika kufanya kihisio kiwe na usikivu wa ajabu. Hapa sampuli ni ya kutosha, na swali la kwanza linabadilika: kati ya molekuli zote zinazopita juu ya uso wetu, ni ngapi zinanaswa? Uwiano huo nitauita ufanisi wa unasaji, na ndio kipimo kikuu cha mradi mzima.

Februari

Tulianza na umbo linalotumiwa na watu wengi: mfereji bapa ambao sakafu yake imepakwa kingamwili. Vipimo tulivyochagua ni kimo cha mikromita 100, upana wa milimita 2 na urefu wa milimita 10, na mtiririko wa mikrolita 100 kwa dakika, ambao hupitisha mililita 3 kwa nusu saa. Nusu saa ndiyo tunayoiona kuwa kikomo cha subira katika zahanati yenye foleni.

Katika mfereji mwembamba kama huu maji hutiririka kwa matabaka yasiyochanganyika. Molekuli ya LAM iliyoko karibu na dari haina njia ya kufika sakafuni ila difyusheni, yaani kuzurura kwa molekuli zenyewe bila mpangilio, na difyusheni ni ya polepole: tumekadiria kigawo chake kuwa mita za mraba 5×10⁻¹¹ kwa sekunde. Karibu na sakafu hujitokeza tabaka lililoishiwa LAM, ambalo katika mfereji wetu lina wastani wa unene wa mikromita 12 hivi, na kila kilicho juu ya tabaka hilo hupita moja kwa moja hadi kwenye taka. Kanuni ya Lévêque ya mwaka 1928, ambayo awali ilihusu joto linalohama kutoka kwenye ukuta wa bomba, inatoa jibu bila kompyuta: hata kama uso wetu ungekuwa mkamilifu na kunasa kila molekuli inayougusa, ufanisi ungekuwa asilimia 5 tu.

Kanuni hiyohiyo inaonyesha kwa nini kuongeza kasi hakusaidii. Kasi ya kunasa hukua kwa kipeo cha theluthi moja cha mtiririko. Ukizidisha mtiririko mara nane, molekuli zinazonaswa kwa sekunde huongezeka mara mbili tu, na ufanisi hushuka hadi robo ya ulivyokuwa. Kupunguza kimo cha mfereji hadi mikromita 20 kunapandisha ufanisi hadi asilimia 14, lakini shinikizo linalohitajika hupanda mara 125, kutoka paskali 100 hadi 12,500, na mkojo si maji safi: una seli, ute na fuwele ambazo mfereji wa namna hiyo hautazivumilia.

Kufikia hapa ilikuwa rahisi kuhitimisha kwamba tatizo ni usafirishaji, na kwamba dawa yake ni kuchora mifupamifupa ya samaki, yaani mitaro ya mshazari, kwenye dari ya mfereji ili kukoroga maji, kama ambavyo maabara nyingi zimefanya tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kabla ya kuagiza ukungu wa kuchongea michoro hiyo, tuliona ni lazima tupige hesabu ya upande wa pili, yaani kasi ambayo kingamwili zenyewe hushika.

Februari, mwishoni

Hesabu hiyo inahitaji namba mbili. Ya kwanza ni kasi ya kushikana. Tumechukua 10⁵ kwa mola kwa sekunde, kiwango cha kawaida kwa kingamwili nzuri isiyo ya kipekee. Ya pili ni idadi ya kingamwili zinazofanya kazi katika kila eneo la uso. Kingamwili ya aina ya IgG ina ukubwa wa takriban nanomita 10, kwa hiyo uso uliojaa kabisa unaweza kubeba kama 10,000 kwa kila mikromita ya mraba. Hata hivyo, kingamwili iliyoganda yenyewe kwenye plastiki hulala ovyo: nyingine huelekeza mikono yake chini, nyingine hubanwa na jirani, nyingine huharibika umbo. Tumechukua kwamba 1,800 kati ya hizo 10,000 ndizo zinazoweza kushika.

Ukizidisha namba hizo mbili unapata kasi ya uso, ambayo ni mita 3×10⁻⁷ kwa sekunde. Kasi ambayo difyusheni huleta LAM kwenye uso huohuo ni mita 4×10⁻⁶ kwa sekunde, zaidi ya mara kumi ya hiyo. Kwa maneno mengine, molekuli zinafika kwa wingi kuliko kingamwili zinavyoweza kuzipokea. Nyingi hugusa uso na kuondoka. Ufanisi halisi wa mfereji wetu unashuka kutoka asilimia 5 hadi takriban asilimia 0.33. Kukoroga maji katika hali hii ni kupeleka wageni zaidi kwenye mlango uleule mwembamba.

Uwiano wa kasi hizi mbili huitwa namba ya Damköhler. Katika mfereji wetu ni 0.07. Ikiwa ndogo kuliko moja, kama hapa, kikwazo ni kingamwili. Ikiwa kubwa kuliko moja, kikwazo ni usafirishaji. Ningependa kila anayebuni kihisio cha uso aipige hesabu hii kabla ya kununua chochote, kwa sababu dawa za hali hizi mbili hazifanani hata kidogo. Kwa kingamwili yenye kasi mara kumi na uso uliopangwa vizuri zaidi, mfereji uleule ungehamia upande wa pili, namba ya Damköhler ingezidi 2, na hapo mifupamifupa ya samaki ingekuwa na maana. Hata hapo ufanisi ungekuwa kama asilimia 3.5 tu. Mfereji bapa tumeuacha.

Machi

Mwezi huu ulikuwa wa kupima mapendekezo mawili yaliyotoka ndani ya kikundi.

Pendekezo la kwanza lilikuwa transista yenye uso wa kingamwili, ambayo huhisi chaji ya molekuli iliyonaswa bila kuhitaji rangi wala kimeng'enya. Tuliliweka kando haraka. Katika maji yenye chumvi kama ya mwili, chaji yoyote hufunikwa na ayoni za jirani ndani ya nanomita 0.7 au 0.8, na LAM yetu ingekuwa imeshikwa kwenye ncha ya kingamwili, nanomita kadhaa kutoka kwenye uso. Chumvi ya mkojo, tena, hubadilika sana kati ya mtu na mtu na kati ya asubuhi na jioni. Kihisio kingekuwa kinapima mlo wa jana.

Pendekezo la pili, chembe za sumaku, lilistahili muda zaidi, kwa sababu wazo lake ni zuri: mwaga chembe zenye kipenyo cha mikromita 1 kwenye kikombe chote cha mkojo, ziache zizurure, kisha zivute kwa sumaku. Kwa chembe milioni 100 katika kila mililita, difyusheni ingemaliza kazi yake ndani ya nusu dakika. Lakini kingamwili zote za chembe hizo, zikihesabiwa dhidi ya ujazo wote wa mkojo, zina ukolezi wa nanomola 0.94 tu kwa lita, na kwa kasi yetu ya kushikana, kunasa theluthi mbili ya LAM kungechukua karibu saa tatu. Kuongeza chembe mara kumi kungeshusha muda hadi dakika 18 hivi, ila kwa mililita 10 za mkojo tungetumia takriban miligramu 10 za chembe kwa mgonjwa mmoja, gharama ambayo hakuna mpango wa taifa wa kifua kikuu utakaoibeba.

Hesabu hii ndiyo iliyotuelekeza. Kinachoamua kasi ya kunasa, pale ambapo usafirishaji si tatizo, ni ukolezi wa kingamwili zinazofanya kazi ndani ya ujazo ambamo LAM imo kwa wakati huo. Kwa chembe, kingamwili hutawanywa kwenye kikombe kizima. Tulihitaji kinyume chake: kubana kingamwili kwenye ujazo mdogo sana, kisha kuupitisha mkojo wote humo.

Aprili

Utando wenye vitundu hufanya hivyo. Tuchukue kisahani cha utando chenye kipenyo cha milimita 5 na unene wa mikromita 100, kilicho wazi kwa asilimia 70, na vitundu vya kipenyo cha mikromita 1. Nafasi yote iliyo wazi ndani yake ni mikrolita 1.4 tu, lakini kuta za vitundu vyake, zikikunjuliwa, zina eneo la sentimita za mraba 55. Kingamwili zinazofanya kazi kwenye kuta hizo zina ukolezi wa mikromola 12 kwa lita, zaidi ya mara elfu kumi ya ule wa chembe za sumaku.

Mkojo unaopita kwa mikrolita 100 kwa dakika hukaa ndani ya utando kwa sekunde 0.8. Molekuli iliyoko katikati ya kitundu huhitaji milisekunde 5 tu kufika ukutani, kwa hiyo hugusa ukuta mara nyingi kabla ya kutoka. Ufanisi unakuwa asilimia 63. Mtiririko ukipunguzwa nusu, unakuwa asilimia 86. Visahani viwili vikipangwa kimoja juu ya kingine kwa mtiririko uleule, jibu ni lilelile la asilimia 86, na hilo ni jambo la manufaa, maana tunaweza kununua ufanisi kwa utando badala ya kwa muda wa mgonjwa.

Tumekagua pia kama LAM ikishashikwa itabaki. Kingamwili yenye kasi tuliyoitaja na mshiko wa nanomola 1 (ukolezi ambao nusu ya kingamwili huwa zimeshika) huachia molekuli moja kati ya elfu kumi kila sekunde. Nusu ya LAM ingekuwa imeondoka baada ya karibu saa mbili, na katika kuosha kwa dakika tano tungepoteza asilimia 3. Hilo linavumilika. Zaidi ya hayo, LAM ina vitanzi vingi vinavyofanana vya sukari, na kingamwili yenye mikono miwili inaweza kushika viwili kwa pamoja, jambo ambalo huimarisha mshiko.

Kuhusu uchaguzi wa kingamwili sina mengi ya kuongeza, ila moja. Bakteria wengine wa jamii ya maikobakteria nao wana LAM, na kingamwili inayoshika sehemu za kawaida za molekuli hii itawapa watu wasio na kifua kikuu jibu la ndiyo. LAM ya kifua kikuu ina pembe za sukari yenye salfa, iitwayo kwa kifupi MTX, ambazo ni za pekee zaidi. Tumeamua kingamwili inayotambua pembe hizo iwe ya kugundulia, yaani ile inayowekwa baadaye ili kuonyesha LAM iliyonaswa, na ya kunasia, ile iliyopakwa kwenye utando, iwe yenye mshiko mpana.

Mei

Kazi ya mezani imeanza. Tunatumia utando mweupe wa nitroselulosi uliokatwa kwa kipekecho, kishikizo cha plastiki chenye pete mbili za mpira, na pampu ya sirinji. Mkojo unatoka kwa watu wenye afya waliotoa ridhaa, na LAM iliyosafishwa tunaiongeza wenyewe kwa kiasi kinachojulikana.

Kabla ya sampuli yoyote, kila kisahani hulowanishwa kwa kukilaza juu ya tone la bafa (maji yenye chumvi za kushikilia pH) na kuacha kioevu kifyonzwe kwenda juu kutoka chini. Ukikitazama kwa taa ya pembeni, unaona weupe mkavu ukirudi nyuma kama duara linalosinyaa, na hewa ikitoka mbele ya maji. Kisahani kikizamishwa moja kwa moja, maji hufunga pande zote mbili kwa pamoja na hewa hubaki katikati. Mkojo baadaye huzunguka sehemu hiyo, na eneo la sentimita za mraba 55 linakuwa la kwenye karatasi tu.

Njia yetu ya kupima ufanisi ni rahisi, na naipenda kwa sababu haihitaji kujua ukolezi wa sampuli. Mkojo uliopita kwenye kisahani cha kwanza hukusanywa na kupitishwa kwenye kisahani kipya kilichoandaliwa vilevile. Kama kila kisahani hunasa sehemu ileile ya kinachofika, uwiano wa alama ya pili kwa ya kwanza unatoa moja kwa moja sehemu iliyoponyoka. Katika bafa safi, uwiano huo ulifuata mwelekeo wa hesabu: mtiririko ulipopunguzwa, alama ya kisahani cha pili ilififia. Hii ndiyo dalili ya kwanza ya mezani kwamba kikwazo kwa kweli ni muda wa kukaa ndani ya utando.

Njia hiyo ina upofu wake. LAM iliyofunikwa na protini za mkojo, ambayo kingamwili haiwezi kuifikia, huvipita visahani vyote viwili bila kuonekana, na uwiano haubadiliki. Kwa hiyo kila jaribio la mkojo sasa linaambatana na jaribio la bafa lenye kiasi kilekile cha LAM, na alama za kwanza za yote mawili hulinganishwa. Katika mkojo alama ilikuwa chini, ingawa uwiano ulikuwa uleule. Kupasha mkojo joto kabla ya kuupitisha kulirudisha sehemu ya tofauti hiyo.

Mkojo uliokaa kwenye jokofu huja na tatizo jingine: hutoka umechafuka kwa fuwele za yureti, na shinikizo la pampu hupanda ndani ya mililita ya kwanza. Kuupasha hadi nyuzijoto 37 huziyeyusha. Fuwele za fosfeti haziyeyuki kwa joto bali kwa tindikali, na kwa hizo tumeweka kichujio chenye matundu makubwa mbele ya utando. Kuhusu kuongeza bafa ili kusawazisha pH ya mkojo, ambayo yaweza kuwa popote kati ya 4.5 na 8, wenzangu wawili walipinga kwamba tunazimua sampuli ambayo tayari ni hafifu. Jibu langu ni kwamba uzimuaji humdhuru anayepima ukolezi. Anayepitisha sampuli yote kwenye utando unaonasa sehemu ileile hukusanya molekuli zilezile, na hasara yake ni muda tu. Tumekubaliana kuongeza bafa kidogo iliyokolea, badala ya kuzimua nusu kwa nusu.

Juni

Kunasa si kusoma, na mwezi huu umetufundisha ukubwa wa pengo hilo.

Mpango wa awali ulikuwa rangi inayoganda juu ya kisahani, isomwe kwa kamera ya simu. Lakini katika nitroselulosi, mwanga unaorudi machoni hutoka kwenye takriban mikromita 10 za juu. Chini ya hapo weupe wa utando huficha kila kitu. LAM yetu hunaswa katika kina chote, nyingi kidogo juu na chache chini, na kwa hesabu, tabaka hilo la juu lina asilimia 15 tu ya kilichonaswa. Tungekuwa tumefanya kazi yote ya kupitisha mililita 3 kisha tukazika sehemu kubwa ya mavuno ndani ya utando. Ukanda wa kawaida una hasara hiyohiyo.

Tumehamia kwenye kimeng'enya cha peroksidesi kilichofungwa kwenye kingamwili ya kugundulia, pamoja na TMB, kemikali inayogeuzwa na kimeng'enya hicho kuwa rangi, ambayo rangi yake huyeyuka na kutoka na kioevu. Kimeng'enya kilicho chini kabisa ya utando huchangia sawa na kilicho juu. Kioevu hicho, mikrolita 100, hukusanywa baada ya dakika kumi, huzimwa kwa asidi na kusomwa kwenye nanomita 450. Kwa pikogramu 20 kwa mililita tunatarajia molekuli bilioni 1.3 kunaswa. Kama kila moja inabeba kimeng'enya kimoja kinachogeuza molekuli 100 tu kwa sekunde, makadirio ya chini kwa makusudi, usomaji wa ufyonzaji wa mwanga kwa njia ya sentimita moja ungekuwa karibu 0.08. Jicho haliwezi kuona hilo kwa uhakika, lakini kifaa kidogo chenye taa na kipokeamwanga kinaweza.

Mradi wenyewe kwa sasa umekaa kwenye tatizo la kimeng'enya kinachoganda pasipo LAM. Sentimita za mraba 55 ni mikromita za mraba bilioni 5.5. Kikiganda kimeng'enya kimoja tu katika kila mikromita 10 za mraba, hiyo ni milioni 550, karibu nusu ya alama yetu. Kikiganda kimoja kwa kila mikromita ya mraba, mandharinyuma, yaani rangi isiyotokana na LAM, huizidi alama mara nne. Eneo lilelile kubwa lililotupa unasaji ndilo linalokusanya uchafu, na vitu hivi viwili havikui kwa namna moja: unasaji hupanda kisha hutulia unapokaribia asilimia 100, lakini mandharinyuma hupanda sawasawa na eneo, bila kutulia. Kisahani cha tatu, kikiongezwa juu ya viwili, kingeleta asilimia 9 zaidi ya LAM na asilimia 50 zaidi ya uchafu.

Kwa hiyo utando bora si lazima uwe ule unaonasa zaidi. Kama kelele ya kifaa cha kusomea ndiyo inayotawala, inafaa kuongeza utando. Kama tofauti za mandharinyuma kati ya kisahani na kisahani ndizo zinazotawala, inafaa utando uwe mwembamba zaidi, hata kwa kupoteza LAM. Majaribio yetu ya mkojo usio na LAM yanaonyesha wazi kwamba tuko katika hali ya pili: visahani vilivyoandaliwa siku moja, kwa mikono ileile, hutoa rangi zinazotofautiana zaidi kuliko kelele ya kifaa. Albumini ya ng'ombe, protini ya kufunika nafasi wazi, pekee haikutosha kuziba uso. Ilipoongezwa sabuni laini ya Tween 20 kwenye bafa ya kuoshea, visahani vilikaribiana.

Julai

Tumegeuza mkazo. Badala ya kuongeza eneo, tunaongeza sehemu ya kingamwili zinazofanya kazi kwenye eneo lililopo. Hesabu ni nyepesi: tukiweza kupata 3,600 zinazofanya kazi badala ya 1,800 kwa kila mikromita ya mraba, kisahani chenye nusu ya unene kitanasa asilimia 63 ileile, kwa nusu ya uchafu na nusu ya kingamwili. Sasa kila kisahani kinakula takriban mikrogramu 14 za kingamwili, na hiyo ndiyo bidhaa ghali kuliko zote mezani.

Njia tunayoijaribu ni kupaka protini G kwanza, ambayo hushika shina la kingamwili na kuiacha mikono ikitazama nje. Upungufu wake umejionyesha mapema: protini G haichagui, na kingamwili ya kugundulia nayo ina shina. Nafasi zilizobaki wazi huidaka moja kwa moja, na rangi hutokea pasipo LAM hata kidogo. Tumejaribu kuzijaza nafasi hizo kwa IgG isiyo na kazi kabla ya sampuli, na rangi ya visahani vitupu imepungua, ingawa haijafika chini ya ile ya upakaji wa kawaida. Njia mbadala ni kukata shina la kingamwili ya kugundulia na kubaki na mikono tu, ambayo protini G haina pa kuishika kwa nguvu. Kimeng'enya cha kukatia, pepsini, tunacho. Tutaangalia kama kingamwili inayotambua MTX inabaki na mshiko wake baada ya kukaa kwenye tindikali ambayo pepsini inaihitaji.

Utando wa mikromita 50 umeagizwa. Ukifika, jaribio la kwanza litakuwa la visahani vitupu, kwa mkojo wa watu tofauti, bila LAM yoyote, ili tujue mtawanyiko wa mandharinyuma kabla hatujajiruhusu kutazama alama. Baada ya hapo ndipo tutarudia jaribio la visahani viwili kwa mtiririko wa mikrolita 100 kwa dakika, upande mmoja upakaji wa kawaida na upande mwingine protini G.